Uzi: Fasihi ya dunia na ushairi kwa Kiswahili, tunaanzia wapi sisi na vijana wetu?

Msomaji wa Raskazone ameandika:

Wanajukwaa, salaam aleikum na habari za jioni.

Nimekuwa nikisoma nyuzi za wenzangu kwa miaka bila kuchangia neno. Leo nimelazimika kuandika kwa sababu ya mpwa wangu wa miaka 14, aliye kidato cha pili, ambaye mwezi uliopita alinitamkia waziwazi kwamba hakuna kitu anachokichukia shuleni kama ushairi. Nilitaka kumkaripia, kisha nikaomba daftari lake. Kila shairi lililomo limepasuliwa kama samaki wa kubanikwa: beti ngapi, mishororo mingapi, mizani ngapi, kina cha kati hiki, kina cha mwisho kile, aina yake ni tarbia, dhamira tatu, tamathali nne, basi. Sikuona mahali hata pamoja panapoonyesha kwamba kuna mtu aliyewahi kulisoma shairi lile kwa sauti.

Mimi si mwalimu. Ni karani mstaafu wa bandari hapa Tanga, na elimu yangu ya fasihi imetoka kwenye kasha la vitabu la marehemu baba, vingi vyake vya miaka ya 1960 na 1970, wakati ambapo kitabu kilichofasiriwa kwa Kiswahili kilikuwa kitu cha kawaida dukani. Nikachomoa humo Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Mwalimu Nyerere. Nikamwambia kijana asimame, asome hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari, aliyeuawa na Brutus na wenzake. Mara ya kwanza aliisoma kama mtu anayetangaza mnada. Mara ya pili, alipofika pale ambapo Antony anarudia tena kumtaja Brutus kuwa mtu wa heshima, alinyamaza, akarudi mistari kadhaa nyuma, kisha akaniuliza: “Mjomba, huyu anamsifu au anamchongea?”

Swali hilo halimo kwenye daftari lake, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Jambo la pili aligundua mwenyewe, kwamba mistari ile haina vina. Kwa mtoto aliyefundishwa kwamba shairi ni vina na mizani, na kwamba lisilo na vina ni guni, ilikuwa ajabu kuona kwamba Baba wa Taifa, ambaye aliweza sana kutunga kwa vina na baadaye akazigeuza Injili zote nne kuwa tenzi, hapa aliamua kuviacha kwa sababu Shakespeare mwenyewe sehemu kubwa ya tamthilia ile hakuviweka. Nikamwonyesha jambo jingine ambalo mimi hulipenda zaidi. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963, naye tayari ni Rais. Mwaka 1969 ikatoka tena ikiwa imerekebishwa, na hata jina la kitabu lilibadilika, kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa Julius Caezar. Yaani mtu mwenye nchi nzima mabegani alipata muda wa kurudia kazi ya fasihi aliyoona haijakaa sawa. Mpwa wangu, ambaye hapendi kurudia hata hesabu moja, hakusema kitu.

Tangu hapo tumekuwa tukisoma jioni, na jirani zangu watatu wakubwa kwa wadogo wamejiunga, kwa hiyo sasa Jumamosi baraza langu lina watu wa miaka 14 hadi 71. Hiyo ndiyo shida yangu. Nahitaji vitabu ambavyo kijana atavifurahia na mzee hatavidharau. Hadi sasa tumejaribu hivi.

Wimbo wa Lawino umekuwa mwokozi wetu. Okot p'Bitek aliutunga kwanza kwa Kiacholi, yeye mwenyewe akautoa kwa Kiingereza mwaka 1966, na Paul Sozigwa akautafsiri kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1975. Ni mke anayemsuta mumewe, Ocol, aliyesoma akarudi akiidharau asili yake na kumfuata mwanamke mwingine mwenye kujipodoa kizungu. Mtu wa Tanga hahitaji mhadhara juu ya kazi hiyo. Jirani yangu mmoja, mama aliyekulia kwenye vikundi vya taarabu, alisikiliza kurasa mbili akasema, “Haya ni mipasho kabisa, tena ya mtu aliyefundwa.” Akaomba kitabu asome yeye, na aliposoma yeye ndipo sote tulipoielewa hasira iliyomo. Mimi nilikuwa nakisoma kwa adabu mno.

Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, ilimkaa kijana vizuri kwa sababu ya hadithi, na ikawakaa wazee vizuri zaidi kwa sababu wanaukumbuka mwaka wenyewe, uliokuwa mwaka wa Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa. Sitaeleza walichosema.

Shujaa Okonkwo, yaani riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe iliyofasiriwa na Clement Ndulute, imetupa mjadala wa jina. Achebe alilichukua jina la riwaya yake kwenye shairi la Yeats wa Ireland, kwa hiyo msomaji wa Kiingereza anaingia kitabuni kupitia mstari wa shairi juu ya dunia inayosambaratika, ilhali msomaji wa Kiswahili anaingia kupitia jina la mtu mmoja aliyepewa sifa ya ushujaa. Je, Okonkwo ni shujaa? Tulibishana hadi adhana ya Isha. Linganisheni na riwaya yake ya pili, ambayo jina lake nalo limetoka kwenye shairi, la T. S. Eliot, lakini kwa Kiswahili ikaitwa Hamkani si Shwari Tena. Hilo jina ni la watu wa baharini, na mtu yeyote aliyewahi kuona bahari ikichafuka anaanza kusoma akiwa tayari na wasiwasi. Huyo mfasiri wa pili alipoteza shairi la Eliot akapata shairi letu.

Sasa naomba msaada. Baada ya hivi, twende wapi? Na kwa ushairi hasa, siyo riwaya pekee.

---

Mizani Kumi na Sita ameandika:

Shikamoo mzee wangu. Nakupongeza kwa baraza, lakini naomba nitofautiane nawe mapema kabla uzi haujafika mbali.

Riwaya inaweza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine kwa sababu mzigo wake ni kisa. Ushairi mzigo wake ni sauti, na sauti haivuki. Shairi la Muyaka ukilinyang'anya vina vyake unabaki na maneno ya mtu aliyekuwa akigombana na jirani zake Mombasa zaidi ya miaka 180 iliyopita. Vivyo hivyo shairi la Mwajemi au la Mrusi likifika kwetu bila sauti yake, tunachosoma ni mfasiri, na mara nyingi mfasiri huyo si mshairi. Mimi ningemfundisha kijana huyo kwanza mashairi yaliyotungwa kwa Kiswahili, Al-Inkishafi, Utendi wa Mwana Kupona, Muyaka, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, ambayo mwenyewe aliyatunga akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972. Akishiba hayo, ndipo atazame nje. Tuna ghala limejaa nasi tunakwenda kuomba unga kwa jirani.

---

Msomaji wa Raskazone ameandika:

Marahaba, mwanangu. Umesema vizuri, na orodha yako nimeinakili. Hata hivyo ghala unalolitaja lina magunia mengi yaliyotoka kwa jirani, na hilo si aibu.

Chukua Hamziya. Ni miongoni mwa mashairi ya Kiswahili ya kale kabisa tuliyonayo, yenye maneno ambayo leo hata mtu wa Lamu huhitaji kuelezwa. Nayo ni tafsiri. Aliyeitunga kwa Kiarabu ni al-Busiri wa Misri, mshairi wa karne ya 13, na aliyeileta kwetu ni Sayyid Aidarusi wa Pate. Wazee wale walifasiri bila kuogopa, na kwa kufasiri wakaipanua lugha hadi ikaweza kubeba mambo ambayo hapo awali yalisemwa kwa Kiarabu tu. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, wa Bwana Mwengo, nao umejengwa juu ya visa vya vita vya Waislamu na Warumi vilivyotoka kwenye masimulizi ya Kiarabu. Tukiondoa kila kilichofasiriwa au kusimuliwa upya kutoka nje, hata rafu ya ushairi wetu wa kale itabaki na mapengo makubwa.

Halafu kuna Shaaban Robert, ambaye sidhani kama utamwita mfasiri asiye mshairi. Alimleta Omar Khayyam kwa Kiswahili. Ni kweli hakumchukua kutoka Kiajemi, bali kutoka Kiingereza cha FitzGerald cha mwaka 1859, na FitzGerald naye inajulikana kwamba alijipa uhuru mkubwa, akiunganisha na kugeuza alivyopenda. Kwa hiyo tunapomsoma Khayyam kwa Kiswahili tunakunywa maji yaliyopita mitungi miwili. Lakini tazama neno lenyewe: rubai ni shairi la mishororo minne, na tarbia yetu ni ubeti wa mishororo minne, na maneno yote mawili yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya nne. Umbo lile halikuja kwetu kama mgeni asiyejua mlango. Nilimsomea mpwa wangu beti chache jioni moja umeme ulipokatika, nikamwambia kwamba mtu huyu aliishi Uajemi zaidi ya miaka 900 iliyopita na kwamba alikuwa mtaalamu wa hesabu na nyota. Aliuliza kama mtu wa hesabu anaruhusiwa kuandika mashairi. Swali la mtoto, lakini limetoka kwenye mfumo wetu wa kuwagawa wanafunzi kwenye tahasusi wakiwa bado hawajajijua.

Kuhusu sauti nakubaliana nawe nusu. Sauti ya asili haivuki. Inayovuka ni sababu ya mtu kupaza sauti, na mfasiri mzuri huitafutia sauti nyingine upande wa pili.

---

Guni ameandika:

Wakuu, nimelichagua jina hili makusudi, kwa hiyo mtajua nasimama wapi.

Mizani Kumi na Sita anasema shairi bila vina hubaki maneno matupu, na maneno hayohayo yalisemwa dhidi ya Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Wapo waliosema yale si mashairi, ni insha zilizokatwakatwa. Leo Kichomi ni kitabu ambacho huwezi kuzungumzia ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20 ukakiruka. Nionavyo mimi, ugomvi ule wa mashairi huru ulikuwa pia ugomvi juu ya tafsiri: je, tunaruhusiwa kusikia jinsi watu wengine duniani wanavyotunga na kurudi nyumbani na tulichosikia? Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, hawakukosea kwamba wengi waliomfuata Kezilahabi walikuwa wavivu tu. Walikosea kumhesabu yeye miongoni mwa wavivu.

Ushauri wangu kwa mzee: mpe kijana Kichomi pamoja na Wimbo wa Lawino, ubavuni kwa ubavu. Ataona namna mbili za kuacha vina, mmoja akiongea na umati, mwingine akiongea peke yake chumbani.

---

Binti wa Kuze ameandika:

Shikamoo mzee, na hamjambo nyote. Nawaandikia kutoka Mombasa, nina watoto watatu, wa kwanza miaka 13 na wa mwisho 6, kwa hivyo mimi nitawasemea wadogo, kwa kuwa naona mjadala umepanda juu na wao wamesahauliwa.

Cha kwanza ni Alisi. Wengi hawajui kwamba hadithi ya Lewis Carroll ilifasiriwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1940, ikiitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na kwamba katika michoro ya kitabu kile Elisi ni msichana Mwafrika. Ilikuwa enzi ya ukoloni na nia za wachapishaji tunazijua, lakini binti yangu alipoona mchoro mmoja wa zamani alimtazama yule msichana kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2015 ikatoka upya kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ikiwa imeshughulikiwa na Ida Hadjivayanis. Ni kitabu kizuri cha kumwonyesha mtoto kwamba ushairi unaweza kuwa upuuzi mtupu ukapendeza, maana Carroll alijaza humo vijishairi vya kuchekea mashairi ya maadili ambayo watoto wa Uingereza walikaririshwa shuleni. Sisi nasi tuna mashairi ya namna hiyo ya kukaririshwa, tena si haba. Wanangu walitunga yao ya kuchekea shairi moja la kuhimiza usafi wa meno, na sitaliweka hapa.

Cha pili ni cha bure na kipo mtandaoni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwa Kigĩkũyũ hadithi fupi inayoeleza kwa nini binadamu hutembea wima, mikono na miguu zikishindana ipi bora. Jarida la Jalada liliitoa mwaka 2016 pamoja na tafsiri kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Mwanangu wa miaka 6 aliisikiliza akiwa amelala chini, akijaribu kutembea kwa mikono. Nikamwambia mkubwa kwamba hadithi ileile inasomeka kwa lugha nyingine za Kenya, akaenda kuitafuta kwa lugha ya babake, akakwama sentensi ya pili, akampigia nyanyake simu. Sikupanga hivyo.

Cha tatu ni Mwana Mdogo wa Mfalme, kile cha Saint-Exupéry, kilichotolewa na Mkuki na Nyota. Mtoto atakipenda kwa sababu ya mbweha na nyota. Mtu mzima atakipenda na kuficha machozi. Kwenye baraza lako, mzee, hiki kitafaa kuliko vyote nilivyotaja, kwa kuwa ni kifupi na sura zake zinamalizika kabla kahawa haijapoa.

---

Muuguzi wa Zamu ameandika:

Habari za usiku. Mimi nasoma nikiwa zamu, wodi ikitulia, kwa hiyo nitaandika kwa vipande.

Kitabu kilichonirudisha kwenye kusoma baada ya miaka mingi ya kusoma fomu za wagonjwa tu ni Barua Ndefu Kama Hii, cha Mariama Bâ wa Senegal, kilichofasiriwa na Clement Maganga. Kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1979, na mwaka 1980 kikawa kitabu cha kwanza kupata Tuzo ya Noma. Mjane anayeitwa Ramatoulaye amekaa eda, miezi minne na siku kumi, na katika kukaa kwake anamwandikia rafiki yake barua ambayo ndiyo kitabu chote. Mumewe alikuwa amemwolea binti wa rika la mtoto wao, rafiki wa mtoto huyo.

Nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza chuoni, na nilikipita kama mtihani unavyopitwa. Nilipokisoma kwa Kiswahili niligundua kwamba kile kilichokuwa kikielezwa kwa sentensi nzima kule, huku kina jina. Eda. Mke mwenza. Arobaini. Haya ni maneno ambayo mama yangu huyatumia akiwa anachambua mchele. Senegal iko mbali nasi kabisa, upande wa pili wa bara, nami sijawahi kukanyaga, lakini nilimwelewa Ramatoulaye kama mtu wa nyumba ya tatu. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba tafsiri ni kitabu cha mtu asiyejua Kiingereza. Baadhi ya vitabu vya dunia viko karibu na Kiswahili kuliko vilivyo karibu na Kiingereza, na tukivisoma kwa Kiingereza tunazunguka mbali kufika nyumba ya jirani.

Samahani, kengele ya kitanda namba nne. Nitarudi.

---

Mkaazi wa Buyenzi ameandika:

Naunga mkono kutoka Bujumbura. Mimi kitabu hicho nilikisoma kwa Kifaransa, shuleni, na mwalimu wetu alitumia kipindi kizima kuwaeleza wanafunzi wasio Waislamu maana ya mjane kutengwa kwa muda huo. Sisi watoto wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaa, tulikuwa tukitazamana kwa sababu neno tulikuwa nalo lakini halikuruhusiwa darasani. Sikujua kama kipo kwa Kiswahili. Kinapatikana wapi?

---

Muuguzi wa Zamu ameandika:

Nimerudi. Ndugu wa Buyenzi, changu nilikipata kwa muuza vitabu vilivyotumika, kando ya barabara, kikiwa hakina jalada la nyuma. Vitabu vingi vya tafsiri vya zamani vimeacha kuchapishwa, kwa hiyo njia ni mbili: wauzaji wa namna hiyo, na maktaba. Kwa walio Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa mwaka 1967 inafaa kuulizwa kwanza, lakini nenda na jina la mfasiri pia, siyo jina la mwandishi pekee, maana si kila mahali vitabu hivi huorodheshwa kwa namna ileile. Mimi niliwahi kwenda maktaba moja ya mkoa, sitaitaja, nikaambiwa hakuna kitabu cha Kirusi hata kimoja. Nikiwa natoka nikakiona Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Gogol iliyofasiriwa na Christon Mwakasaka, kimepangwa pamoja na vitabu vya utawala na uhasibu.

---

Mizani Kumi na Sita ameandika:

Nimecheka sana hapo, na pengine Gogol mwenyewe angefurahi kuwekwa na wakaguzi.

Nakubali kwamba nilikuwa nimesahau Hamziya, na hilo kwa mtu wa jina langu ni kosa. Hata hivyo nina swali moja la haki kwa wapenda tafsiri. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya pili ya Shakespeare, mwaka huohuo wa 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Shakespeare anamtaja mfanyabiashara, tena mmoja. Mwalimu ametupa mabepari, wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Je, hiyo ni tafsiri au ni siasa? Na kijana wa miaka 14 akianza na jina hilo, atamsoma Shakespeare au atamsoma TANU?

---

Msomaji wa Raskazone ameandika:

Swali lako ni la haki na nililipeleka barazani kama lilivyo, kwa hiyo ninayoandika si yangu peke yangu.

Mzee wa miaka 71 alisema kwamba jina lile ni siasa, na kwamba wakati ule hakuna aliyeshangaa. Jirani yetu mwanamke alisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Katika tamthilia ile mfanyabiashara wa jina la kitabu ni Antonio, yule mtu mwema anayekopa kwa ajili ya rafiki yake. Shylock ndiye mkopeshaji, na kila anayesimuliwa kisa bila kukisoma hudhani mwovu ni huyo tu. Neno mabepari, kwa kuwa ni la wingi, linamlaza Antonio kwenye mkeka mmoja na Shylock. Basi kijana akauliza kama Antonio naye ni bepari, kwa kuwa merikebu zile zote baharini ni zake na faida ni yake. Tukalazimika kurudi kusoma tena jinsi Antonio anavyomtukana na kumtemea mate Shylock kwa sababu ya Uyahudi wake kisha anakuja kwake kukopa. Kwa kweli jina la Mwalimu limeusukuma mzani, siwezi kulikana hilo. Lakini lilitufanya tusome kwa makini zaidi kuliko kama angeandika mfanyabiashara. Mimi ningewaambia wasomaji wote kwamba mfasiri alichagua, wakijua hivyo wasome, na wabishane naye kama mnavyobishana nami hapa.

Binti wa Kuze, Mwana Mdogo wa Mfalme tumeshamaliza. Hatukunywa kahawa. Yule mzee alituambia anakwenda kutazama lango, akakaa huko robo saa.

Muuguzi, habari zako za eda nilizisoma kwa sauti bila kutaja jina lako, nawe umepata wasomaji watatu wapya. Tumeanza kutafuta nakala.

Kwa sasa tumeamua kuanza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, na ilibidi isubiri hadi mwaka 2022 ndipo Ida Hadjivayanis, huyohuyo wa Alisi, aitoe kwa Kiswahili kupitia Mkuki na Nyota. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa kwa tajiri mmoja wa pwani, na mtoto hajui kwamba yeye ni rehani ya deni. Kule kwenye Kiingereza anamwita tajiri huyo kwa lile neno moja, uncle, linalobeba ndugu wote wa kiume wa baba na wa mama. Kiswahili hakina anasa hiyo. Ami si mjomba, na baba mdogo si yeyote kati ya hao, na kila neno linamweka mtoto mahali tofauti ndani ya nyumba ile. Nilimwachia mpwa wangu swali hilo kabla hajafungua kitabu: yeye angechagua neno gani, akijua kwamba mtu yule si ndugu yake kabisa?

Akafikiri kidogo, akasema angechagua mjomba, kwa sababu mjomba ndiye mtu ambaye mtoto humwamini bila kuuliza. Kisha akanitazama. Jumamosi atasoma yeye sura ya kwanza, na ameweka sharti kwamba nisimkatize.